Kuisafisha Nyumba Kabla ya Kuhamia

Hotuba iliyosomwa mbele ya baraza la wanachama, Buyenzi, Bujumbura



Ni siku chache katika maisha ya watu wa nyumba moja zilizo na furaha na haraka kama siku ya kuhama. Funguo zimekwisha kupatikana, kodi imelipwa, mkokoteni umekodiwa, na jamaa wamekuja kusaidia kubeba. Vitanda vyaingizwa, kabati laegemezwa ukutani, mikeka yatandikwa. Jioni huchomwa udi, nyumba ikanukia, na majirani wakaja kutoa pongezi. Lakini aghalabu nyumba ile imesafishwa kwa ufagio mmoja na ndoo mbili za maji tu, na kazi iliyosalia imeahirishwa mpaka watu wakishatulia. Basi hapo ndipo kosa linapoanzia. Maana kilicho nyuma ya kabati hakitafikiwa tena ila siku kabati litakapoondolewa, na siku hiyo yaweza kuwa baada ya miaka kumi.

Shabaha ya maneno haya ni moja: nyumba isafishwe ingali tupu, kabla hata mkeka mmoja haujaingia, nayo isafishwe kwa utaratibu. Uchafu mbaya kuliko wote si ule uonwao na mgeni mlangoni, bali ule ujifichao katika nyufa, ndani ya tangi la maji na mvunguni mwa kitanda. Na wa kwanza kulipa gharama yake si baba aliyetia sahihi mkataba, bali ni mtoto atambaaye na mama mja mzito.

Ili neno hili lisidhaniwe kuwa ni la kutia chumvi, na utazamwe mfano wa mdudu mmoja ajulikanaye sana katika nchi hizi za Maziwa Makuu na Tanzania, naye ni papasi, ambaye wenyeji wa Kongo humwita kimputu. Papasi ni jamii ya kupe, lakini tabia yake si ya kupe wa ng'ombe. Hakai mwilini mwa mtu. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na za sakafu ya udongo, khasa karibu na vitanda na karibu na jiko penye ujoto. Usiku hutoka, akamnyonya damu mtu aliyelala kwa muda mfupi tu, kisha akarudi ufani mwake kabla ya alfajiri. Aliyeumwa huamka asijue lililompata.

Wataalamu walimfuatia mdudu huyu katika nchi hizi hizi. Mwaka 1904, katika Uganda, Ross na Milne walionyesha kwamba homa irudiayo huambukizwa na papasi. Wakati huo huo Joseph Dutton na mwenzake John Todd, waliotumwa Kongo na chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Liverpool, walikuwa wakichunguza jambo hilo hilo, wakalithibitisha. Dutton mwenyewe alishikwa na homa ile aliyokuwa akiichunguza, akafa mwezi wa Februari 1905 huko Kasongo, mji wa Maniema ambao Waswahili wanaufahamu vizuri. Kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina lake, kikaitwa Borrelia duttonii.

Homa hiyo humshika mtu siku kadhaa kwa ukali, ikamwacha akadhani amepona, kisha ikamrudia tena na tena. Mtu mzima mwenye nguvu huweza kuivumilia mpaka afike kwa daktari, na dawa za kuitibu zipo. Lakini mja mzito huweza kuharibikiwa na mimba yake, na mtoto mchanga huweza kufa. Tena iko sifa nyingine ya papasi ambayo kila mwenye kuhama yampasa kuifahamu: mdudu huyu huweza kukaa miaka bila ya kula, na huwarithisha watoto wake kijidudu cha homa kwa njia ya mayai. Kwa hiyo nyumba iliyofungwa mwaka mzima bila ya mtu kulala ndani yake haikuwa salama kwa sababu hiyo. Papasi waliomo wanamngojea mpangaji mpya. Sakafu za saruji zimempunguza sana mdudu huyu, lakini hazikumkomesha, kwani saruji iliyopasuka nayo ina nyufa.

Wahenga wamesema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo la papasi, ufa usiozibwa huweza kumgharimu mtu zaidi ya ukuta.

Basi nyumba isafishweje? Kwanza, itazamwe. Kabla ya kushika ufagio, fungua madirisha na milango yote, hewa na mwanga viingie, kisha zunguka chumba kwa chumba ukiwa na taa mkononi. Tazama darini pana popo au panya. Tazama chini ya karo la jiko pana unyevu. Tazama nyufa za kuta tangu chini mpaka juu. Fungua tangi la maji uchungulie ndani. Muulize jirani nyumba iliishiwa na nani, palikuwa na mgonjwa, palifugwa mbwa au kuku ndani. Jirani mwema hujua mengi kuliko mwenye nyumba, na kuuliza si uchunguzi wa aibu za watu maadamu kunakusudiwa kujikinga na madhara.

Pili, kazi ianze juu ishuke chini, na ianze chumba cha ndani itokee mlangoni. Mwenye kuosha sakafu kwanza kisha akapangusa dari, ataosha sakafu mara mbili. Utando wa buibui, vumbi la kenchi na masizi ya jikoni huondolewa mwanzo. Lakini vinyesi vya panya na vya popo visifagiliwe vikavu hata mara moja, kwani vumbi lake likivutwa puani huleta maradhi ya kifua na mengineyo. Virushiwe maji yenye dawa ya klorini, viachwe vilowe, kisha vizolewe kwa kitambaa au karatasi, na mwenye kuzoa afunge pua na mdomo na avae glavu. Ikiwa panya ni wengi, viroboto vishughulikiwe kabla ya panya au pamoja nao. Maana panya afapo, viroboto vyake humwacha vikatafuta damu nyingine, na iliyo karibu ni ya binadamu. Hiyo ndiyo njia ambayo tauni imeipita tangu zamani.

Katika kusafisha kwa juu yako mambo mawili ya tahadhari kwa nyumba za zamani. Rangi ya mafuta ya miaka mingi iliyopita yaweza kuwa na risasi ndani yake, na unga wake ukiingia mwilini mwa mtoto hudhuru akili yake. Kwa hiyo isikwanguliwe kavu, bali ilowanishwe kwanza, na mabaki yake yakusanywe yatupwe mbali. La pili, mapaa ya namna ya vigae vya saruji vilivyochanganywa na asbesto, yaliyoezekwa sana katika zama za ukoloni, yasisuguliwe kwa brashi wala yasivunjwe, kwani nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta saratani baada ya miaka mingi. Kazi ya kuyaondoa ni ya mafundi waliofunzwa.

Tatu, nyufa zizibwe. Kila ufa wa ukuta na wa sakafu uchokolewe, uoshwe, upuliziwe dawa ya wadudu kama ilivyoandikwa katika kopo lake, kisha uzibwe kwa saruji au lipu. Baada ya hapo kuta zipakwe chokaa. Desturi ya kupaka chokaa ni ya tangu zamani katika miji ya Waswahili, nayo haikuwa ya pambo tu. Chokaa mbichi ina ukali wenye kuua vijidudu vingi, tena ukuta mweupe haufichi mdudu. Mwenye kuikoroga ajihadhari na macho yake, kwani chokaa ikiungana na maji huchemka, na tone lake moja huweza kumpofusha mtu. Watoto wasiwepo.

Nne, maji. Kipindupindu kimezuka mara nyingi katika miji ya kando ya Ziwa Tanganyika, na maji mabaya ni katika njia zake kuu. Tangi au pipa lililokaa bila kazi limwagwe lote, lisuguliwe kwa sabuni na brashi, lisuuzwe, kisha litiwe dawa. Kwa tangi la lita 1,000, hujazwa maji na kutiwa lita 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 5, ile iuzwayo madukani kwa kufulia nguo nyeupe. Mifereji yote hufunguliwa mpaka harufu ya dawa isikike, kisha hufungwa, na maji yakaachwa saa 24. Baadaye yote humwagwa, tangi likasuuzwa, ndipo likajazwa maji ya kunywa. Maji yale ya dawa yasinywewe, wala yasielekezwe katika bustani au kijito. Na mtu asiingie peke yake ndani ya tangi lililofunikwa, wala katika shimo la choo au la maji machafu kwa sababu yoyote. Hewa iliyomo humlegeza mtu akaanguka kabla hajaita, na wengi wamekufa wakimfuata wa kwanza ili wamwokoe.

Tano, jiko na choo. Hapa ndipo watu hutia dawa nyingi wakidhani kuwa wingi ndio usafi. Uchafu huondolewa kwanza kwa sabuni na maji, kwani klorini ikikutana na uchafu mwingi hupotewa na nguvu zake. Kwa pahali palipokwisha kuoshwa, glasi 1 ya mililita 200 ya dawa ile ya asilimia 5 katika ndoo ya maji ya lita 20 yatosha. Kwa pahali palipochafuliwa na mgonjwa, hutiwa fungu 1 la dawa kwa mafungu 9 ya maji, likaachwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Maji yawe ya baridi. Na neno hili lishikwe na kila mtu, mkubwa kwa mdogo: dawa ya klorini haichanganywi na dawa nyingine yoyote. Ikichanganywa na dawa ya choo yenye tindikali, au na siki, hutoa hewa ya sumu. Ikichanganywa na amonia, hali kadhalika. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, kosa hilo la mara moja huweza kumuua mtu.

Hapo pana jambo ambalo Mwislamu hana budi kulizingatia zaidi ya wengine, nalo ni tofauti ya usafi na twahara. Sakafu yaweza kung'aa kama kioo ikawa bado ina najisi, na nyumba itakuwa mahali pa kusalia. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi katika nchi hizi, kwanza huondolewa najisi yenyewe, pamoja na rangi yake na harufu yake, kisha humiminwa maji tohara juu ya mahali pale. Sabuni husaidia kuondoa, lakini kinachotoharisha ni maji yenyewe yasiyobadilika. Mahali palipolambwa na mbwa, au palipoguswa naye na hali pana umajimaji, huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo.

Imepokewa katika hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba bedui mmoja alikojoa katika msikiti wa Madina. Waliokuwapo walitaka kumvamia, Mtume Muhammad (s.a.w.) akawazuia, akaamrisha ndoo ya maji imiminwe mahali pale. Katika kisa hiki kuna mafunzo mawili kwa mwenye kuhamia nyumba. La kwanza, najisi iliondolewa kwa kumiminiwa maji, haikupanguswa kwa tambaa. Ile desturi ya kupiga deki nyumba nzima kwa ndoo moja, tambaa likichovywa humo humo tangu chooni mpaka chumba cha kulala, haitoharishi wala haisafishi. Huchukua kilichokuwa chooni kikatandazwa chini ya mkeka wa mtoto. Fakihi na daktari wamekutana hapo bila ya kupatana: maji ya kuosha yabadilishwe kila chumba, tambaa la choo lisiingie jikoni, na ya mwisho yawe maji safi ya kusuuza. Funzo la pili ni kwamba aliyechafua hakutukanwa. Mwenye kukuta uchafu wa mpangaji aliyetangulia na ausafishe, asiutangaze mtaani. Huenda aliyetoka alitoka na msiba.

Ziko nyumba zinazohitaji kazi zaidi ya hiyo, nazo ni zile zilizoingiliwa na mafuriko. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukaigharikisha Gatumba, na katika miaka iliyofuata maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika majumba ya ufukoni. Watu wengi walihama, na wengine wakapanga nyumba ambazo maji yalikuwa yamezitoka juzi tu. Nyumba ya namna hiyo isihamiwe kwa kuwa sakafu imekauka machoni. Matope yaondolewe yangali laini. Kuta zioshwe mpaka juu ya alama ya maji. Kisima na tangi vitiwe dawa. Umeme usiwashwe mpaka fundi aukague. Kisha nyumba iachwe wazi siku nyingi, upepo upite. Ukuta uliopakwa rangi ungali na maji ndani yake huota ukungu, na ukungu huo huwaletea pumu walio dhaifu wa kifua. Apasuliwaye roho na kodi anayolipa pasipo kukaa na akumbuke kwamba kodi ya wiki mbili ni nyepesi kuliko gharama za hospitali.

Sasa yasalia yale yaingiayo. Nyumba ikiwa tayari, vyombo navyo vikaguliwe mlangoni. Kunguni hawaji kwa miguu yao kutoka mbali; huletwa katika chaga za vitanda, mishono ya magodoro na mikunjo ya mazulia. Vitanda vifunguliwe nje, maungio yamwagiwe maji yanayochemka. Nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto. Magodoro yapigwe na kuanikwa, na mishono yake itazamwe mmoja mmoja. Kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, ndicho kipindi chema cha kazi hii, kwani kila kitu hukauka upesi, ingawa vumbi nalo ni jingi. Mwenye hiari ya kuchagua mwezi wa kuhama na auchague katika hiyo.

Kazi hii ni ya nani? Katika nyumba nyingi huachiwa mke na binti wa kazi, naye bwana akaja jioni kukagua. Jambo hili halifai. Kuchokoa nyufa, kupanda kenchini, kumwaga tangi na kukoroga chokaa ni kazi za nguvu na za hatari. Mja mzito asizifanye kabisa, wala asilale katika nyumba yenye papasi hata usiku mmoja kabla haijasafishwa. Mwanamume ndiye aliyepewa uangalizi wa watu wa nyumba yake, na uangalizi hauishii katika kulipa kodi. Ikiwa amekodiwa kijana au mwanamke wa kufanya kazi, na apewe glavu na kitambaa cha pua, aambiwe khatari ya kila dawa kwa lugha aifahamuyo, na apewe ujira wake siku ile ile. Mapafu yake ni sawa na mapafu ya mwenye nyumba.

Mwenye kupangisha naye ana sehemu yake. Apokeaye kodi ya chumba chenye nyufa na tangi bovu, akamwachia mpangaji maskini ayatengeneze, amekula kodi ya kitu ambacho hakukitoa kamili. Siku mbili za fundi na magunia machache ya saruji hayamfilisi mwenye nyumba. Lakini mpangaji anayeishi kwa kibarua cha kutwa huenda asiyapate kwa mwaka mzima. Penye uwezo mdogo, wanachama wa mtaa mmoja waweza kushirikiana: ngazi moja, brashi mbili, mpira mmoja wa kupulizia dawa, vikawekwa kwa mtu mwaminifu, na kila ahamaye akaviazima na kuvirudisha vikiwa safi.

Amma mwenye kutoka katika nyumba, yeye ndiye asahauliwaye kuliko wote. Watu husafisha waendako wakapaacha watokako katika hali mbaya, takataka zimejaa uani na choo kimefurika. Nyumba ilikuwa amana mikononi mwake, na amana hurudishwa katika hali njema. Tena hamjui atakayeingia baada yake. Yumkini ni mjane mwenye mtoto wa siku kumi. Laiti kila atokaye angeziba ufa alioujua na kumwaga tangi alilolitumia, kazi ya aingiaye ingekuwa nusu.

Kazi yote hii ikimalizika, ndipo zamu ya udi inapofika. Udi na ubani ni vitu vizuri, na nyumba ya Mswahili haipendezi pasipo hivyo. Lakini moshi wake haumuui papasi wala hauondoi najisi. Vifukizwe mwisho, baada ya chokaa kukauka na sakafu kusuuzwa, Qurani isomwe, jirani wa kulia na wa kushoto waitwe wapate chakula, na usiku huo mtoto alazwe juu ya mkeka ambao mama yake anajua vyema kilicho chini yake.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba za Waislamu na za jirani zao wote kuwa makao ya amani na afya, na awasahilishie wanaotafuta makao baada ya mafuriko na mitihani mingineyo. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.